Kibodi Ikawa ya Mdogo Wangu

Nikisema ugonjwa wangu ulianzia kwenye kitufe cha namba nne, watu hucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, hapa kwetu Kiirua, mvua za Aprili zikipiga mabati, na mimi na mume wangu Murithi tulikuwa tunacheza gemu kwenye kompyuta. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikakataa kufika kwenye namba nne, mahali nilipokuwa nimeweka dawa ya majeraha. Mtu wangu kwenye gemu akafa mbele ya macho yangu. Nikalaumu baridi. Huku kwetu, chini ya Mlima Kenya, baridi husingiziwa mambo mengi.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeamka asubuhi akakuta vidole vyake havikunjiki. Mimi si daktari na sitajifanya mmoja. Nitasema yaliyonipata, na hasa nitasema kuhusu wivu, kwa sababu kliniki walinionya dawa zitagusa tumbo, nywele na ini, lakini hakuna aliyenionya kuhusu wivu. Huo niliukuta mwenyewe, tena ndani ya nyumba yangu.

Jina langu ni Wawira, mzaliwa wa Kanja, Embu. Murithi ni Mmeru na ni mwalimu wa hesabu. Kwa kuwa yeye ana Kimeru chake na mimi nina Kiembu changu, tukigombana tunagombana kwa Kiswahili ili kila mmoja aelewe vizuri alivyotukanwa. Mimi nina saiba ndogo ya kompyuta hapa sokoni. Napiga chapa barua za watu na kuwajazia fomu. Vidole vyangu vilikuwa vinajua kibodi kuliko vilivyojua mwiko, na nilikuwa najivunia jambo hilo.

Gemu tunazozipenda ni zile ambazo vijana huziita RPG. Unaumba mtu wako, unampa jina, unaamua kama atakuwa mpiga upinde au mganga, kisha unamtembeza nchi nzima akitumwa na watu, akipigana na kuongeza ujuzi. Gemu moja inaweza kuwakalia miezi minane. Yetu iliruhusu watu wawili kucheza kwa kompyuta moja, kioo kikigawanywa katikati. Mimi nilitumia kibodi na mausi. Murithi alitumia padi, kile kidude kinachoshikwa kwa mikono miwili, chenye vijiti viwili vya vidole gumba na vitufe vichache. Yeye alikulia kwenye vibanda vya gemu mjini Meru, padi mkononi.

Tulibishana kuhusu hilo kila Jumapili.

"Padi ni ya wavivu," nilimwambia. "Una uchawi arobaini na vitufe kumi. Kila saa uko ndani ya menyu unatafuta, wenzako wanakufa."

"Na wewe, Mama Karimi, unacheza ama unaandikia chifu barua?"

Nilikuwa sahihi, na bado naamini nilikuwa sahihi. Kwa kibodi kila uchawi ulikuwa na kitufe chake, na vidole vyangu vilikwenda bila kutazama. Murithi alipokuwa bado anazungusha kijiti chake kutafuta ngao, mimi nilikuwa nimeshaponya watu wawili na kuokota viatu vya maiti.

Kufikia Juni sikuweza kufunga vifungo vya sare ya Karimi, binti yetu wa gredi ya pili. Asubuhi mikono ilikuwa imevimba na kuwa ya moto. Pete ya ndoa haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya kupikia, ikabidi fundi wa vyuma pale sokoni aikate. Murithi alinishika mkono fundi akikata, na akawa anamwambia fundi mzaha mmoja baada ya mwingine ili nisione uso wake yeye mwenyewe. Saibani niliajiri mtu wa kupiga chapa, nami nikabaki kukaa mlangoni nikisalimia wateja.

Kliniki ya viungo iko mjini, Alhamisi moja kila mwezi. Pale mnakaa kwenye benchi refu, na mmoja akiingia kwa daktari wote mnasogea nafasi moja. Sijui ni nani aliyebuni utaratibu huo kwa watu wenye magoti mabovu. Unainuka, unakaa, unainuka, unakaa, mara ishirini kabla ya kufika mlangoni. Ila kusogea huko ndiko kulikonipa rafiki. Jirani yangu wa benchi alikuwa mama mmoja kutoka Maua ambaye kazi yake ni kufunga vibunda vya miraa. Mikono yake ilikuwa imepinda kunishinda, lakini alikuwa bado kazini.

"Unafungaje?" nilimuuliza.

"Asubuhi naloweka mikono kwa maji ya moto, kwa beseni. Halafu sitaki tena kulazimisha kile kidole nilikuwa natumia zamani. Nashika na kiganja, nakaza na meno. Kibunda hakijui kimefungwa na nini."

Nilicheka, lakini ushauri wake sikuuchukua, isipokuwa ule wa beseni.

Daktari alinipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Tangu hapo sikuhesabu tena tarehe, nilihesabu Ijumaa. Ijumaa vidonge, Jumamosi kichefuchefu, Jumapili najikokota kanisani. Kwenye Ijumaa ya sita nywele zilianza kubaki kwenye kitana. Lakini kilichoniumiza zaidi daktari alikisema siku ya kwanza, akiandika, bila hata kuinua kichwa.

"Na mama, ukiwa kwa hizi dawa usishike mimba. Hiyo maneno tutaongea baadaye."

Lazima nieleze kwa nini nililia kwenye korido. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Wa pili hupewa jina la mama yake mama, na siku hiyo watu husema umemzaa mama yako. Karimi wetu ni mama mkwe wangu. Mama yangu, Igoki, alikuwa bado anangoja zamu yake. Kila nikienda Kanja aliniuliza huku akicheka, "Wawira, mimi nitazaliwa lini?" Mwaka huo mimi na Murithi tulikuwa tumeshaamua kupata wa pili. Sasa nikaambiwa baadaye, na hakuna aliyenionyesha baadaye iko mwezi gani.

Julai, baridi ikiwa kali na ukungu hauondoki hadi saa nne, mdogo wangu Wanja alikuja kunisaidia. Aliacha kazi yake ya duka la vifaa vya ujenzi Embu mjini, akafika na begi moja na sweta kubwa la rangi ya udongo ambalo hakulivua. Sote tulisema ana roho nzuri. Na kweli anayo. Alinifulia, akanipikia, akanivalisha sidiria bila kunifanya nijisikie mtoto.

Nami nikaanza kumchukia. Nasema wazi kwa sababu nawe unaweza kumchukia anayekuosha, na ukadhani umekuwa shetani. Nilimwonea wivu alivyomenya viazi bila kutazama kisu. Nilimwonea wivu alivyokamua blanketi. Karimi alipoanza kumpelekea yeye kichwa asukwe, akipita mbele yangu, nilikwenda chumbani nikajifanya natafuta leso.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Agosti. Nilikuwa kwenye kochi, mikono nimeifunga kwa leso yenye maji ya moto. Murithi alikuwa peke yake kwenye kompyuta, anapigwa.

"Wanja, kuja ushike hiyo kibodi," alisema. "Mwenzangu amelala barabarani tangu Aprili."

"Shem, mimi sijui hiyo kitu."

"Utajua. Hii ni ya kutembea, hii ni ya kupiga. Mama Karimi, si ni sawa?"

"Chezeni tu," nilisema.

Alijifunza kwa wiki mbili. Vidole vyake vyembamba vilikwenda palepale vilipokwenda vyangu, kwenye vitufe ambavyo maandishi yake yalikuwa yamefutwa na vidole vyangu. Nilikaa pale nikihesabu mara walizocheka. Nikiuliza wamecheka nini, Wanja alijibu, "Ah, fisi amekwama kwa mlango," na kweli fisi alikuwa amekwama kwenye mlango, lakini mimi nilitaka iwe siri ili niwe na haki ya kukasirika.

Siwezi kusema Murithi hakujaribu. Aliniletea padi akaiweka mapajani mwangu.

"Chukua hii. Mimi nitatafuta ingine."

"Padi? Bado sijafika hapo."

Aliiondoa polepole. Kwangu, kuishika padi kulikuwa sawa na kukubali kiti cha magurudumu. Nilijiambia kwamba nitarudi kwenye kibodi au nisicheze kabisa. Huku kibodi yenyewe ikiwa na mtu.

Septemba, Jumamosi moja, wote walikwenda kwenye arusi ya mwalimu mwenzake Murithi. Mimi nilibaki na kichefuchefu changu. Karibu saa tano asubuhi nikawasha kompyuta. Nilijiambia nataka kuona tu wamefika wapi. Mausi ilinishinda, maana kidole cha kubonyezea ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Nikaichukua padi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniona, nikaiweka juu ya mto mapajani.

Orodha ya wahusika ikafunguka. Wangu alikuwa chini kabisa, na tarehe yake ya Aprili. Juu yake alikuwa wa Murithi. Na juu kabisa alikuwapo mwanamke mpiga upinde wa daraja la thelathini na moja, amevaa joho jekundu. Alikuwa amepewa jina la Igoki.

Damu ilinipanda kichwani. Kibodi alikuwa nayo, kichwa cha Karimi alikuwa nacho, vicheko vya mume wangu alikuwa navyo, na sasa amechukua jina ambalo mimi nimeambiwa ningoje nalo, akamvalisha nalo mdoli wa gemu. Nilisukuma kijiti, nikafika kwenye neno la kufuta. Gemu ikauliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika. Nikabonyeza kwa kidole gumba, na hakikuuma hata kidogo.

Nilikaa nikitazama nafasi iliyobaki wazi. Furaha haikudumu hata dakika moja. Nilikuwa nimemfuta mama yangu.

Waliporudi, Wanja alifungua gemu jioni ileile. Murithi alizunguka nyuma ya kompyuta akitikisa nyaya za umeme.

"Ni hii stima," alisema. "Leo imepotea-potea sana, Mama Karimi?"

"Imepotea," nilisema. Ulikuwa uongo.

Wanja alikaa kidogo mbele ya kioo, kisha akaenda jikoni kuwasha jiko. Kwa wiki tatu hakugusa kibodi, nami pia sikuigusa.

Alhamisi ya Oktoba alinisindikiza kliniki kama kawaida. Tulikaa kwenye benchi, mimi katikati yake na yule mama wa Maua. Tukawa tunasogea. Mara ya nane au ya tisa Wanja aliinuka akijishika kiuno, akapumua, akakaa. Mama wa Maua aliinama mbele akamtazama.

"Na wewe, binti, una miezi mingapi?"

Nilidhani anauliza kuhusu ugonjwa. Halafu nikaliona lile sweta la rangi ya udongo kama ambavyo yeye aliliona, na nikaona kilichokuwa chini yake. Nikaanza kuhesabu. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Sitaficha nilichowaza, kwa sababu niliahidi kuusema wivu wote. Nilimwazia mume wangu, na zile Jumapili, na kile kicheko cha fisi.

Wanja alinisoma usoni.

"Wacha kuhesabu. Nilikuja nayo."

"Ya nani?"

"Mtu wa huko Embu. Nilimwambia, akazima simu. Mpaka leo imezimwa." Alivuta sweta. "Sikuja kukusaidia peke yake, dada. Nilikuja kujificha kwako."

Mama wa Maua akawa ghafla anatafuta kitu kwenye mfuko wake. Mimi niliangalia sakafu. Mtoto asiye na baba wa kumtaja huchukua majina ya upande wa mama yake, kuanzia juu. Wanja akizaa msichana, hangehitaji kumzaa mama mkwe kwanza. Angemzaa mama yetu moja kwa moja.

"Kwa hivyo lile jina," nilisema.

"Nilikuwa najaribu tu. Nilitaka kusikia mtu akiliita. Shem alikuwa anasema, Igoki kuja huku, Igoki jifiche, Igoki usikufe. Nikaona linaweza kukaa."

Tulisogea tena. Nilipokaa nilisema haraka kabla sijapata nafasi ya kujionea huruma.

"Ni mimi nilimfuta. Haikuwa stima."

"Najua. Padi ilikuwa kwa mto, na Murithi huiweka kwa meza."

"Mbona hukusema?"

"Ungenifukuza. Ningeenda wapi na hii?"

Nilikuwa nimeishi miezi mitatu nikidhani mimi ndiye niliyenyang'anywa, na mtoto wa mama yangu alikuwa akinifulia nguo kwa woga. Nilimshika mkono. Aliuacha kidogo, kisha akanigeukia, na hapo ndipo alipokasirika.

"Na ulimfuta na mikono gani? Si umesema imekataa?"

"Kwa padi."

"Haikuuma?"

"Gumba haliumi."

"Gumba haliumi! Na umekaa kwa kochi miezi yote hiyo ukituangalia na hiyo sura! Si ungecheza!"

Mama wa Maua alicheka hadi nesi akatoa kichwa mlangoni.

Basi nilijifunza padi kwa aibu, mwezi wa Oktoba, na haya ndiyo niliyoyajua. Usijilazimishe asubuhi. Ngoja hadi saa sita, loweka mikono kwanza. Padi isibebwe hewani, ilale juu ya mto, vidole vigusane nayo tu bila kuikumbatia. Vile vitufe vya nyuma vinavyovutwa kwa kidole cha shahada, vihamishe mbele kwenye mipangilio, ili kazi yote ifanywe na vidole gumba. Uchawi punguza. Mimi niliyekuwa na arobaini nilibaki na nane, nikagundua thelathini na mbili zilikuwa za kujionyesha. Kama gumba ndilo linalokuuma, basi padi si yako, na kuna gemu za zamu ambapo adui hukungoja mpaka umalize kufikiri. Hizo unaweza kuzicheza kwa mausi peke yake, hata kwa kiganja. Na kibodi ukiweza kuirudia, irudie. Mimi bado naamini ndiyo bora kwa gemu hizi. Nimeachana nayo tu, na hiyo haina maana kwamba nimebadili mawazo.

Kwa kuwa tulikuwa na padi moja, Murithi ilimbidi ahamie kwenye kibodi. Alicheza akitazama chini, kidole kimoja kikitafuta herufi kama kuku. Nilimwambia yote niliyokuwa nimemwekea kwa miaka sita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mbele ya kompyuta tangu Aprili.

Wanja alikwenda Kanja mwanzoni mwa Desemba, kwa mama. Kufikia wakati huo uvimbe wangu ulikuwa umeshuka, na daktari alisema dawa zimekubali, tuziendeleze. Nilimuuliza kuhusu mimba. Akasema bado, tutaangalia mwaka ukigeuka. Kila nilipopiga simu Kanja nilisikia mama akimwambia Wanja amalize uji, asiiname, avae soksi. Mimi pia niliambiwa nivae soksi, lakini mwishoni, kama salamu.

Februari, Jumapili, nilikuwa na padi mapajani na Murithi yuko kando yangu akipambana na herufi zake, simu ikalia. Alikuwa Wanja, kutoka hospitali.

"Ni msichana," alisema. "Jana jioni. Wote wazima."

"Mungu asifiwe. Na mama?"

"Yuko hapa, analia tu. Dada, kuna karatasi hapa ya kuandikisha. Nimeandika mtoto wa Wanja, hapo kwa jina nimeacha hivyo." Alishusha sauti. "Wewe ndio mkubwa. Ukisema niache jina likungoje, nitaliacha. Kuna majina mengi. Nitamwita ya shosho, mama ya mama, ama hata ya Biblia."

Murithi alisimamisha gemu. Kwenye simu nilisikia mtoto akianza kulia, na mama akimbembeleza bila kumwita jina lolote.

Ungependa niandike kwamba nilisema ndiyo papo hapo. Sikusema. Wanja aliuliza kama simu imekatika. Nilitaka jina langu libaki langu. Nilitaka mama angoje kama nilivyongojeshwa mimi. Nilikuwa na uwezo wa kulichukua, na safari hii hakuna ambaye angelaumu stima.

"Mwite Igoki," nilisema.

"Uko na uhakika?"

"Andika kabla sijabadilisha."

Nikasikia Wanja akimwomba mtu kalamu, na mama akiuliza nimesemaje. Nikakata simu kabla Wanja hajanishukuru, kwa sababu shukrani zake nilikuwa bado siziwezi.